Madhumuni ya Safari

Nikipigiwa simu kutoka Tanga nikapige picha za harusi, mama wa bibi harusi haanzi na bei. Anauliza, "Mwanangu, unakuja wewe mwenyewe au utanitumia kijana?" Nikishamhakikishia kwamba nakuja mimi, na kwamba msaidizi wangu naye ni msichana, ndipo tunaingia kwenye tarehe, ukumbi na arubuni.

Kwa wasioijua pwani, usiku wa kupamba ni wa wanawake watupu. Simu za wageni hukusanywa mlangoni, au jicho la kamera huzibwa kwa kibandiko. Bibi harusi anakaa kichwa wazi, hina imempanda hadi viwikoni, na waliomzunguka wamevaa vile ambavyo hawavai barabarani. Mpiga picha mwanamume hana njia ya kuingia humo. Hata mwanamke anahojiwa: picha zitakaa wapi, nani atazichagua, zitachapishwa duka gani na nani amesimama kwenye mashine. Wanawake wenye kamera nzuri na midomo mizito bado si wengi, ndiyo maana naitwa Tanga, na mara nyingine hadi Pangani, ilhali mimi ni mtu wa Mombasa na kazi yangu iko Mombasa.

Wenzangu wanaopiga picha za wanyama na za mashirika wana habari zao za Namanga. Habari zangu mimi ni za mpaka wa huku pwani, Lunga Lunga upande wa Kenya na Horohoro upande wa Tanzania. Safari yenyewe haina makuu. Zamani ilikuwa lazima uanze na feri ya Likoni na foleni yake, siku hizi unaweza kupita Dongo Kundu ukatokea upande wa Kwale bila kupanda chombo. Ukunda, Msambweni, Lunga Lunga. Kituo ni cha pamoja, kwa hiyo anayetoka Kenya anavuka moja kwa moja hadi Horohoro, na hapo dirisha la Kenya linamgongea muhuri wa kutoka, la Tanzania linamgongea wa kuingia, chini ya paa moja. Anayerudi anamalizia yote mawili Lunga Lunga. Kutoka Horohoro ni lami mpaka Tanga mjini.

Watu wa huku wana jamaa pande zote mbili. Wadigo wako Kwale kwetu na wako Mkinga kule Tanzania. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi, mstari wao waliuanzia kwenye mlango wa mto Umba, huko Vanga, wakaupeleka Ziwa Jipe, wakauzungusha kaskazini mwa Kilimanjaro, wakaufikisha Ziwa Victoria. Nani kaoa wapi hawakuuliza. Basi kila harusi ya Tanga nusu ya wageni huwa wametoka huku kwetu, na mara nyingi tunapanda basi moja. Wao wamebeba zawadi na madeli ya halua, mimi nimebeba sanduku la kamera. Wakiulizwa madhumuni ya safari wanasema "harusi", na muhuri unagongwa. Na mimi naenda harusi hiyo hiyo.

Ushauri wa kwanza niliopewa na wakongwe wa kazi hii ulikuwa huo: sema unaenda harusini, si uongo. Kamera moja itie kwenye mkoba wa begani kama mtalii, ya pili ifungie ndani ya nguo, lenzi ndefu mpe msaidizi. Wapo wanaoishi hivyo mpaka leo na hawajawahi kusumbuliwa. Ila kuna mpaka mmoja, sitautaja, ambapo afisa alifungua sanduku langu taratibu, akatoa kamera ya kwanza, ya pili, flashi, betri zilizopangwa safu, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Dada, hii harusi ni ya nani?"

"Ya mteja wangu."

"Basi huendi harusini. Unaenda kazini."

Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo naona alisema kweli. Mgeni wa harusi hana betri nane. Tangu siku hiyo nilitaka kujua sheria inaniita nani, kwa sababu kwenye fomu kuna vijisanduku, na kila kijisanduku kina bei yake.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitiwa saini Novemba 2009, ikaanza kutumika Julai 1, 2010. Nimeisoma pamoja na viambatisho vyake, usiku, nikingoja picha zihamie kwenye kompyuta. Kiambatisho cha kwanza kinahusu wanaotembea: raia wa nchi mwanachama anaingia bila viza na kupewa pasi ya hadi miezi 6, awe anazuru, anatibiwa, au anapita tu. Cha pili kinahusu wafanyakazi. Mwenye mkataba wa ajira unaozidi siku 90 anaomba kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi tangu afunge mkataba, na mamlaka inatakiwa imjibu ndani ya siku 30. Wa mkataba usiozidi hapo anapewa pasi maalumu. Cha tatu kinahusu wanaohamia kufungua biashara zao.

Sasa nitafute mimi humo. Mama wa bibi harusi si mwajiri wangu, ni mteja wa Jumamosi moja. Studio sifungui Tanga. Nimekwenda kutoa huduma na kurudi, na huduma nazo zina fungu lake kwenye Itifaki, lakini hapo kila nchi imeandika kwenye jedwali lake imefungua milango ipi na kwa masharti gani. Ukiyapitia majedwali hayo unawaona waliokuwa wakifikiriwa: watu wa benki, wa bima, wenye vyeti na bodi. Wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo wametiliana saini makubaliano ya kutambuana. Mhasibu wa Nairobi akienda Dodoma ana karatasi ya kuonyesha kwamba ni mhasibu. Mpiga picha hana bodi wala mtihani. Cheti changu ni albamu, na sijaona afisa wa uhamiaji aliyeomba kuona albamu, ingawa mmoja aliwahi kuniuliza nachaji ngapi kwa harusi ya dada yake.

Juu ya Itifaki ziko sheria za kila nchi, na hizo ndizo zinazoning'inia ukutani nyuma ya dirisha. Tanzania ina sheria yake ya 2015 ya kudhibiti ajira za wasio raia, inayotaka kibali cha kazi, na inambana pia Mtanzania anayemtumia mgeni asiye na kibali. Kwa mgeni anayekuja kwa kazi ya kitaaluma ya muda mfupi kuna viza ya biashara: dola 250, isiyozidi miezi 3. Mkenya haombi viza kuingia Tanzania, na maswali yanaanzia hapo hapo. Asiyehitaji viza, atahitajije viza ya biashara? Nimeliuliza swali hili kwa watu wenye sare, nikajibiwa ndiyo, na siku nyingine nikajibiwa hapana, na wote walijibu kwa uhakika ule ule. Dola 250 kwa anayekuja kufunga mtambo wa kiwanda ni hesabu ndogo. Kwa harusi ya mtaa wa Ngamiani, kule Tanga, ambayo malipo yake yote hayafiki mara mbili ya hapo, ndiyo faida, nauli na chakula cha msaidizi.

Wanasiasa nao wametupa maneno matamu. Novemba 28, 2017, Uhuru Kenyatta alipokuwa akiapishwa Kasarani, alitangaza kwamba mtu wa Afrika Mashariki akitaka kufanya kazi Kenya, kufanya biashara, kumiliki mali, kuishi na hata kuoa, kitambulisho chake kinatosha. Mei 2021, Rais Samia alipozuru Nairobi, Uhuru alirudia mbele ya wafanyabiashara kwamba Watanzania waje wawekeze bila viza wala vibali. Nilipiga makofi sebuleni kwangu, nakiri. Ila afisa wa dirishani hafanyi kazi kwa hotuba. Anafanya kazi kwa kanuni iliyochapishwa na waraka uliomfikia, na kama waraka haujafika, hotuba ni habari ya redio. Hata hicho kitambulisho: Kenya, Uganda na Rwanda zimekubaliana tangu 2014 raia wao wavuke kwa kitambulisho, lakini kati ya Kenya na Tanzania bado unatoa pasipoti au hati ya muda. Abiria wasiojua hilo huwapo karibu katika kila basi, na mara nyingi ni shangazi wa bwana harusi.

Kisha ikaja Julai 2025. Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, na Mombasa kila kikundi cha WhatsApp cha watu wa harusi kikawaka. Niliipitia orodha kwa kidole. Kutuma na kupokea pesa kwa simu, kutengeneza simu, kuongoza watalii, udalali, viwanda vidogo. Upigaji picha haumo. Lakini saluni imo, isipokuwa ile iliyo hotelini au ya kuhudumia watalii. Na mimi sisafiri peke yangu: kwenye basi lile huwa niko na mpambaji, na mara nyingine na mama wa hina, ambao Tanga wanawaita kwa sababu zile zile wanazoniitia mimi. Adhabu kwa mgeni ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 za Tanzania au kifungo cha hadi miezi 6, na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi, na Mtanzania anayemsaidia anapata yake. Je, kumpaka bibi harusi wanja chumbani kwa mama yake ni kuendesha saluni? Mimi nasema hapana: amri inahusu biashara na leseni, haihusu mkono uliokuja usiku mmoja na kuondoka. Mpambaji wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Maneno yako mazuri, lakini utanifuata kizimbani kuyasema?" Hajavuka tena. Serikali ya Kenya ililalamika kwamba amri hiyo inakwenda kinyume na Itifaki, na malalamiko hayo hayajampeleka mpambaji wangu Tanga.

Mimi naendelea kuvuka, na namna ninayovuka ndiyo inayonigombanisha na wenzangu. Nasema ukweli dirishani. Ninapokubali kazi, nataka familia iniandikie barua: majina ya maharusi, tarehe, ukumbi, kwamba mimi ndiye mpiga picha, kwamba nikimaliza narudi kwetu, na nakala ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, NIDA, cha mwenye shughuli. Naambatanisha leseni yangu ya biashara ya Kaunti ya Mombasa, ili ionekane kwamba duka langu liko upande huu na kodi nalipa upande huu. Na kabla ya kupokea arubuni namwambia mteja waziwazi: nikiambiwa nilipie pasi au viza, gharama hiyo ni ya mwenye harusi. Wengine hukata simu kwa heshima, "tutakujuza, mwanangu", na najua hawatanijuza.

Rafiki yangu mmoja, fundi mzuri kuliko mimi na mwenye miaka mingi kwenye kamera, anasema najitia kitanzi. Hoja yake haina upuuzi: sheria haikunitaja, kwa nini nijitaje? Kama pasi ya kutembea haikatazi kuinua kamera, basi inua kamera. Lakini yeye ni mwanamume, anapiga picha za ufukweni na za mahoteli, na akirudishwa amepoteza kazi ya siku moja. Mimi nikishikwa usiku wa kupamba, kamera zikachukuliwa kuwa ushahidi, ndani ya kamera hizo kuna watoto wa watu kichwa wazi. Picha hizo zitakaa mezani kwa nani? Mteja alinivusha mpaka ili zisionwe na mwanamume hata mmoja. Siwezi kuzipeleka mahali ambapo zinaweza kufunguliwa na yeyote aliye zamu. Hilo ndilo linalonifanya niseme ukweli dirishani, zaidi ya ucha Mungu ambao wenzangu wananisingizia.

Forodha nayo, ambayo wengi huisahau kwa kuihofia uhamiaji. Sheria ya usimamizi wa forodha ya Jumuiya ni moja kwa nchi zote, ya 2004, na inaruhusu kuingiza vitu kwa muda na kuvitoa tena, hadi miezi 12. Mgeni anayezuru hatozwi kwa vitu vyake vya matumizi ambavyo ataondoka navyo. Kamera mbili na lenzi tatu hazijawahi kuniletea shida wakati wa kuingia. Panaponitoa jasho ni wakati wa kurudi kwetu, kwa sababu mwenye kutilia shaka anaweza kuuliza: lenzi hii inang'aa, umeinunua wapi? Kwa hiyo natembea na karatasi moja yenye jina la kila kifaa na namba yake ya utambulisho iliyochongwa, pamoja na risiti za dukani, na karatasi hiyo naiomba igongwe muhuri ninapotoka. Haichukui muda, na ikikosekana siku utakayoulizwa, utatozwa ushuru wa kitu ulichokinunua Nairobi na kukilipia kodi Nairobi. Droni naiacha nyumbani. Kenya ina kanuni zake za 2020, Tanzania ina mamlaka yake ya usafiri wa anga na ruhusa zake za usalama, na hakuna bibi harusi ninayemjua anayehitaji kupigwa picha kutoka juu ya mnazi.

Na usipige picha mpakani. Nalisema kwa sababu kila msaidizi mpya anataka: bendera mbili, jua linachwa, malori yamepanga mstari. Ni picha nzuri kweli. Iache.

Nikiulizwa ningependa nini, sitaki mlango ufunguliwe kabisa. Vijana wa Tanga wanaoanza kazi hii nao wana haki ya harusi za kwao, na Mkenya mwenye kamera ya bei kubwa akifika kila Jumamosi, anawabana. Nataka kijisanduku kimoja tu kwenye fomu: mtoa huduma wa siku chache, ada ndogo inayolingana na kazi, jina la mteja, tarehe ya kutoka. Pasi maalumu ya kiambatisho cha pili ingetosha kabisa, kama wangeipanua kidogo imkubali mtu asiye na bosi. Nchi ingenijua, ingenitoza, ingenihesabu. Kwa sasa waliovuka na sanduku la kamera wanahesabiwa kuwa wamekwenda kutembea, na waziri akisoma takwimu anaona utalii unakua.

Mwaka huu mambo yamenigeukia. Kule Tanga nilimpata binti mmoja, mkono wake kwenye mwanga wa ndani ni wa ajabu, na nimemwita aje anisaidie kwenye harusi kubwa ya Mji wa Kale, usiku wa kupamba na siku ya nikahi. Safari hii mimi ndiye mwenyeji, mimi ndiye wa kuandika barua. Kenya inayo pasi maalumu ya hadi miezi 3 kwa kazi fupi, inaombwa mtandaoni, na mwombaji hasa ni mimi ninayemtumia, si yeye. Ndipo nilipoona kwa nini wale kina mama wa Ngamiani hukata simu. Fomu inataka nieleze kwa nini kazi hii haiwezi kufanywa na Mkenya. Nikakaa mbele ya kisanduku hicho kwa muda. Wakenya wanaojua kupiga picha wako tele, na baadhi yao wataisoma makala hii wakiwa na ghadhabu. Mwishowe niliandika kwamba nataka mwanamke, anayejua mila za kupamba, anayeweza kufanya kazi gizani bila flashi, na ambaye familia ya bwana harusi, yenye asili ya Tanga, inamfahamu. Yote ni kweli.

Mama yake alinipigia juzi. "Mwanangu, mtoto wangu atalala wapi, na huyo afisa wenu akimuuliza anakwenda kufanya nini, aseme nini?" Nikamwambia atalala kwangu, na aseme anakuja kazini. Alinyamaza kidogo, akacheka, akasema watu wa Mombasa tunapenda kesi.

Ombi bado halijajibiwa na harusi ni mwezi ujao. Pasi ikitoka, atashika kamera ya pili upande wa wanawake. Isipotoka, nitapiga peke yangu, na yeye atapanda basi vilevile kama mgeni mwalikwa, avae vizuri, ale biriani, na kamera yake aiache Tanga.